Siku Niliyovaa Picha ya Msichana Anayezama

Kundi letu la kusoma vitabu hufunga mwaka kwa sherehe ndogo. Hakuna ukumbi wala kadi za mchango. Tunakutana nyumbani kwa mwenzetu mmoja Sinza, kila mtu anakuja na sahani yake ya chakula, tunabishana kuhusu kitabu kilichotuchosha kuliko vyote, basi. Mwaka juzi mtu mmoja akaleta wazo jipya: safari hii tuje tumevaa picha. Kila mtu achague mchoro mmoja maarufu, auvae mwilini, wengine wakisie.

Nilikuwa na sababu mbili za kukataa. Ya kwanza, sikuwa na hela. Ya pili ni hiyo hiyo.

Miezi saba nyuma nilikuwa nimeacha kazi ya ofisini, yenye mshahara wa uhakika, ili nihariri miswada na kutafsiri kwa kujitegemea. Kaka yangu alinishauri nisubiri kwanza nipate wateja wawili watatu. Mimi nikamjibu kwa maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nafunika uso: nilimwambia sitakuja kumwomba hata shilingi mia. Alinyamaza, akasema, "Haya, mdogo wangu." Kisha mteja wangu mkubwa akachukua kazi ya miezi mitatu na kuniambia malipo yako njiani. Yako njiani mpaka leo. Hapa Dar es Salaam wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya kwangu ilikuwa imekwisha. Mwenye nyumba alishagonga mlango mara mbili, kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele.

Lakini ungekutana nami barabarani usingejua. Hapo ndipo sanaa ya pop inapoingia.

Nilikuwa na kitabu kimoja kikubwa cha picha, kisicho na jalada, nilichonunua kwa wauza vitabu wa barabarani siku nilipokuwa na hela. Ni kitabu cha wale wachoraji wa Uingereza na Marekani wa miaka ya 1950 na 1960 walioamua kwamba kitu cha dukani kinastahili kuchorwa kama vile watangulizi wao walivyochora watakatifu na wafalme. Andy Warhol ndiye tunayemjua zaidi. Mwaka 1962 alionyesha Los Angeles michoro 32 ya makopo ya supu ya Campbell's, kila mchoro ladha yake, yote inafanana kama makopo yanavyofanana kwenye rafu. Watu husahau kwamba kabla ya supu alikula kwa jasho la viatu: miaka ya 1950 alichora matangazo ya viatu vya I. Miller huko New York. Kwa hiyo sikuona ajabu kwamba michoro yao iliishia kuwa nguo. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni yenyewe ya supu ilitengeneza gauni la karatasi lililochapwa makopo mwili mzima. Unatuma dola moja na lebo mbili za kopo, unaletewa gauni. Unalivaa mara chache, linachanika, unatupa. Leo magauni hayo yanatunzwa kwenye makumbusho.

Mimi sikuwa na hata hiyo dola moja ya kuchezea, ila nilikuwa na mitumba ya Karume na fundi wa jirani anayeshonea chini ya mwembe. Nikaanza kujivalisha kutoka kwenye kile kitabu. Nitaeleza nilichojifunza, kwa sababu kilinisaidia kweli, na anayetaka kukijaribu akijaribu.

Kwanza, rangi chache na zisizochanganywa. Roy Lichtenstein, ambaye ndiye mwenye hadithi hii, alifanya mambo makubwa kwa nyekundu, njano, bluu, nyeusi na nyeupe. Nilipoanza kutafuta rangi hizo tu, mlima wa mitumba ulipungua ukawa kichuguu. Huangalii tena kila kitu. Unatafuta sketi ya njano iliyo njano hasa, isiyoelekea haradali wala maziwa. Ya kwangu niliipata kwa shilingi elfu tatu.

Pili, mstari mweusi. Michoro yake imezungushiwa mistari mizito kama ya katuni, na kitu kikizungushiwa mstari kinaonekana kimekusudiwa. Nilimpelekea fundi shati jeupe lililochoka kola, nikamwomba azungushe utepe mweusi kwenye kola, mikononi na mfukoni. Shati likafufuka.

Tatu, usivae picha nzima. Hili nililijua kwa aibu. Siku moja nilivaa sketi ya njano, blauzi nyekundu ya madoadoa, mkanda wa bluu na viatu vyeupe, nikapita kwa fundi kuchukua suruali. Alinitazama juu mpaka chini, akaondoa sindano mdomoni, akauliza, "Dada, hii nguo au bendera?" Tangu siku ile nikawa nachukua kipande kimoja cha mchoro kwa siku: leo madoa, kesho mstari, keshokutwa ile njano peke yake juu ya nyeusi.

Ilifanya kazi. Watu walianza kuniambia nimenawiri, maisha ya kujiajiri yamenikubali. Nami niliitikia. Asubuhi nakunywa chai kavu, saa nne niko mjini na shati langu la mistari myeusi kama mtu aliyetoka kwenye bango la tangazo. Nilidhani naiga michoro ya Lichtenstein. Kumbe nilikuwa naiga yale matangazo aliyokuwa akiyachungulia: uso laini, rangi safi, hakuna kinachovuja.

Basi sherehe ilipokaribia nikafungua kitabu kutafuta picha isiyo na gharama. Nikasimama kwenye ile ya msichana anayezama.

Aliichora mwaka 1963, na sasa iko kwenye Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Ni kubwa, kama mita moja na sentimita sabini kila upande. Inaonyesha uso wa msichana, bega moja na mkono, vingine vyote vimemezwa na mawimbi. Mawimbi yenyewe yana mikunjo ile ya Hokusai, Mjapani aliyechora wimbi kubwa linalojulikana dunia nzima, na nywele za msichana zinajikunja hivyo hivyo mpaka hujui maji yanaishia wapi na nywele zinaanzia wapi. Machozi yako machoni. Juu ya kichwa kuna kiputo cha maneno, kama vile vya katuni tulizosoma utotoni kwenye gazeti la Sani, na ndani yake anasema hajali, afadhali azame kuliko kumwita Brad amsaidie.

Sisi tuna usemi: maji yamenifika shingoni. Niliitazama ile picha nikacheka peke yangu chumbani. Halafu sikucheka tena.

Kitabu kilieleza picha ilikotoka. Lichtenstein hakumbuni yule msichana. Alimtoa kwenye gazeti la katuni za mapenzi la kampuni ya DC, Secret Hearts, toleo la 83 la mwaka 1962, kwenye hadithi iliyochorwa na Tony Abruzzo. Ubishi kuhusu jambo hilo haujaisha: kwamba mmoja akawa tajiri kwa mkono wa mwingine, na aliyechora kwanza hakuandikwa hata jina chini ya mchoro. Mimi ninayempelekea fundi picha ya gauni kwenye simu na kumwambia "nishonee kama hili" sina ubavu wa kuhukumu, ingawa moyo wangu uko kwa Abruzzo.

Kilichonishika ni mabadiliko. Kwenye katuni ya kwanza msichana hayuko peke yake. Nyuma yake kuna mashua iliyopinduka na mpenzi wake ameishikilia, yuko pale pale, anaonekana. Msichana amebanwa na misuli na hataki kumwita. Jina la huyo mwanamume ni Mal. Lichtenstein alifuta mashua, akamfuta mwanamume, akaondoa habari ya misuli, akabadilisha Mal kuwa Brad, akasogeza uso karibu. Kikabaki kichwa katikati ya maji yasiyo na mwisho. Hapo kikawa kitu cha kwenda makumbusho. Msichana aliyeshindwa kuita mtu aliye hatua chache kutoka alipo si wa kuhuzunisha sana. Ni mbishi tu. Ili awe wa kuhuzunisha, ilibidi mashua iondolewe.

Nililala na jambo hilo. Kaka yangu anaishi Morogoro. Kutoka Dar ni safari ya asubuhi.

Vazi lilinichukua siku mbili. Shuka la bluu lililofifia, kalamu nene nyeusi ya kuchorea mawimbi, wigi fupi niliyoazima kwa shoga yangu na kuipaka rangi ya bluu kwa ahadi ya kuinunua ikiharibika. Iliharibika. Kiputo nilikikata kwenye boksi la friji nililoomba dukani, nikakipaka nyeupe, nikakifunga kwenye waya uliopita mgongoni ili kielee juu ya kichwa.

Kazi ilikuwa kwenye madoa. Ngozi za wanawake wa Lichtenstein ni madoa mekundu yaliyopangwa sawasawa juu ya weupe, kwa kuiga uchapaji wa bei nafuu wa magazeti, ambako doa lenye nafasi pembeni hulidanganya jicho lione rangi ya mwili. Alitumia bati lenye matundu kuyapanga. Mimi nilitumia kifutio cha nyuma ya penseli na rangi ya mdomo. Nikajigonga shavu zima. Nilipotoka uani kujitazama kwenye mwanga, mtoto wa jirani alikimbilia ndani anapiga kelele, "Mama, dada ana tetekuwanga!"

Mtoto alisema kweli. Madoa yale yalitungwa kwa karatasi nyeupe. Mimi ni mweusi, na juu yangu wekundu ulikuwa ugonjwa. Nikanawa. Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikawaza, kisha nikachukua poda ya mtoto, nikaikoroga na losheni kidogo, nikaanza upya kwa madoa meupe. Safari hii yakatulia. Nilipotazama kioo sikumwona yule msichana wa New York. Niliona kitu ninachokijua tangu utoto: weusi wenye madoa meupe, yamepangana. Niliona kanga, ndege yule wa porini ambaye wanaosimulia historia ya vazi letu husema ndiye aliyelipa jina.

Ndipo nikamkumbuka bibi. Bibi yangu wa Tanga hakuwa mgomvi. Hakupandisha sauti kwa wifi zake wala kwa jirani. Alikuwa na sanduku la kanga. Akiudhika alilifungua taratibu, akasoma majina ya kanga zake moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta dawa, akachagua moja, akajifunga, akaenda kisimani. Aliyetakiwa kusoma alisoma. Wengine waliona pindo zuri na mji uliochangamka, wakapita. Miaka mingi kabla Warhol hajapanga makopo yake, wanawake wa pwani walikuwa wakivaa kitu kilichochapwa kwa maelfu, kinachouzwa dukani kwa jozi, chenye picha na maandishi, na kila mmoja akakitumia kusema lake.

Tofauti niliiona nikiwa nimeshika ile kalamu nene. Kiputo cha msichana anayezama si cha kusema. Ukitazama, mkia wake ni wa vipovu vidogo, alama ya katuni ya mtu anayewaza. Hajamwambia mtu yeyote. Anazama na wazo lake, sisi tu tunaolipia kuingia makumbusho ndio tunaolisoma. Bibi asingeelewa upotevu huo. Kwake, maneno yakishaandikwa yapelekwe kisimani.

Kwenye kiputo nikaandika: BORA NIZAME KULIKO KUMPIGIA KAKA! Lichtenstein alibadilisha Mal kuwa Brad, nami nikabadilisha Brad. Nilijiambia ni utani, ili watu wa Sinza wacheke.

Msomaji wa kwanza alikuwa dereva wa bajaji. Kiputo kilikataa kuingia, ikabidi nikishike nje kwa mkono, kikipepea barabara nzima. Kwenye taa akageuka, akakisoma kwa sauti, akaniangalia na yale madoa. "Dada, kaka kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu," nikasema.

"Sasa?"

Taa ikawaka kijani. Sikuwa na jibu hata hivyo.

Sherehe ilikuwa nzuri. Mmoja alikuja na taulo kichwani na hereni moja, tukajua papo hapo ni binti wa Vermeer. Mwingine alijaza maua ya plastiki kichwani na kuunganisha nyusi kwa wanja, Frida Kahlo. Kaka mmoja mwenye suti alikuwa amening'iniza tofaa la kijani mbele ya uso, kama yule bwana wa Magritte, lakini njaa ilimshinda, akala sanaa yake kabla ya pilau kufika. Mimi waliniita jini la baharini, kisha malkia wa mbu. Nilipoeleza picha na hadithi ya mashua iliyofutwa, walinyamaza kidogo kwa namna ile watu wa vitabu wanavyonyamaza wakipenda kitu. Kisha mwenyeji wetu akauliza, "Na kwa nini Kaka badala ya Brad?"

"Brad simjui," nikasema. Wakacheka. Nikacheka nao.

Mwenyeji huyo alisoma chuo na kaka yangu. Sikulifikiria hilo alipotupiga picha, wala alipoziweka kwenye statasi ya WhatsApp. Saa nne usiku simu yangu ilitetemeka ndani ya shuka la mawimbi.

"Huyo Kaka ndiye mimi?"

Nilisoma, tiki mbili zikawa za bluu, ikawa siwezi tena kujifanya sijaona. Nikatoka barazani. Nilianza kuandika kwamba ni mchezo tu, ni picha ya Mmarekani fulani, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Yeye kule alikuwa akiona kwamba naandika. Mwisho akapiga.

Sitaandika yote tuliyosema. Aliuliza kodi inadaiwa kiasi gani, nikamtajia. Aliuliza tangu lini, nikamtajia hilo pia. Kulikuwa na kimya, nikasikia televisheni yao nyuma na mtoto wake akibembelezwa alale. Kisha akasema atanikopesha ya miezi miwili, narudia, atanikopesha, na kwamba bado anaona niliacha kazi kijinga. Nikasema sawa. Akasema, "Na yale maneno ya shilingi mia usiyarudie kwa mtu mwingine. Watu wanaweza kuyaamini." Hapo ndipo madoa yangu ya poda yalipoanza kuteremka, nikarudi ndani nikiwa nimechanganyika uso mzima, na wenzangu kwa ukarimu wao wakasema mchoro sasa ndio umekamilika.

Deni la kaka nimelilipa kidogo kidogo, limebaki robo. Mteja yule bado malipo yake yako njiani. Sketi ya njano naivaa bado, na shati la utepe mweusi, na nikienda mitumba bado natafuta rangi tatu tu. Sijaacha kujivalisha kutoka kwenye kile kitabu. Nilichoacha ni kuvaa uzuri ule ili mtu asiniulize habari zangu.

Mwezi uliopita nilikwenda Morogoro nikakichukua kile kitabu kumwonyesha kaka picha yenyewe. Yeye si mtu wa michoro. Aliishika mbali kidogo kwa sababu ya macho, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Huyu anazama?" akauliza.

"Anazama."

"Mbona nywele zake hazijaharibika?"

Nikaanza kumweleza habari ya Hokusai na mikunjo ya mawimbi. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa ananitazama mimi, na utepe mweusi kwenye kola yangu.